Simu, kompyuta na televisheni za ng'ambo ya mpaka: majibu kwa wasomaji wa Lubumbashi

Barua tulizopokea majuma haya zinauliza jambo moja kwa njia nyingi: je, ni nafuu kuvuka mpaka kwenda kununua vifaa vya elektroniki, au kumwagiza ndugu aliye mbali? Tumechagua barua chache ambazo majibu yake yatawafaa na wengine. Bei zilizotajwa ni zile walizoandika wasomaji wenyewe.

Ndugu Mhariri, binti yangu ameanza mwaka wa kwanza chuo kikuu na anahitaji kompyuta. Hapa mjini wananiuzia kwa dola 480. Jirani yangu, ambaye hupita mpaka wa Kasumbalesa kila mara kwa biashara, amenitumia picha ya mashine ile ile katika duka moja la Kitwe, Zambia, na bei yake ikigeuzwa kutoka kwacha ni dola 390. Kwangu mimi dola 90 ni pesa nyingi. Je, nimtume aniletee? — Mama wa Katuba

Mama, hongera kwanza kwa hatua ya binti. Dola 90 ni pesa nyingi kweli, na haifai mtu akuambie vingine. Tatizo ni kwamba bei hizo mbili hazilinganishiki. Ile ya 480 ni bei ya kompyuta iliyokwisha kufika Lubumbashi, ikiwa imelipiwa forodha, na muuzaji wake unaweza kumrudia kesho asubuhi ikikataa kuwaka. Ile ya 390 ni bei ya kompyuta iliyoko Kitwe. Ili uzilinganishe kwa haki, lazima ile ya Kitwe uifikishe Katuba kwenye karatasi kwanza, kabla hujamkabidhi jirani hata dola moja.

Tuanze na forodha. DGDA, idara ya forodha ya Kongo, hutoza ushuru juu ya thamani ya mali pamoja na gharama za kuisafirisha na bima yake. Kisha inakuja TVA, yaani kodi ya ongezeko la thamani (VAT), ya asilimia 16, na hii haihesabiwi juu ya bei ya dukani peke yake, bali juu ya thamani hiyo ikiwa imekwisha kuongezewa ushuru. Kiwango cha ushuru hutofautiana kwa aina ya kifaa, kwa hiyo nachukua asilimia 10 kwa ajili ya mfano tu. Dola 390 zinakuwa 429. TVA juu ya 429 ni dola 68.64. Jumla ni dola 497.64, na hapo umekwisha kuipita bei ya mjini kabla ya nauli ya jirani, ada ya barabara, chakula cha njiani na ada ndogo ndogo za karatasi. Hata tukishusha ushuru ule hadi asilimia 5, unafika 475.02. Na hata tukiufuta kabisa, ikabaki TVA pekee, unafika 452.40, na dola 27 zilizobaki zinaweza kumalizikia njiani.

Utaniuliza: sasa yule wa mjini anawezaje kuuza kwa 480 na bado apate faida, ilhali na yeye alilipa forodha? Anaweza kwa sababu alilipa juu ya bei nyingine. Mfanyabiashara aliyeagiza mzigo Guangzhou au Dubai anatozwa juu ya bei ya jumla, ile anayouziwa mtu anayechukua mashine mia. Kompyuta ya kaunta ya Kitwe, kwa upande wake, imekwisha kubeba ndani ya bei yake tozo za kuingilia Zambia, VAT ya Zambia ambayo nayo ni asilimia 16, pamoja na faida ya mwenye duka. Ukiivusha Kasumbalesa, Kongo inatoza juu ya mzigo huo wote. Umelipa kodi ya nchi mbili kwa kifaa kimoja. Ni kweli kwamba Zambia haitozi VAT kwa mali inayouzwa nje ya nchi, lakini hilo huwezekana pale muuzaji mwenyewe anapoandaa karatasi za kusafirisha mali nje. Anayelipa kaunta na kuondoka na boksi mkononi amelipa kama mkazi wa Kitwe.

Najua pia jibu ambalo jirani atalitoa: kwamba yeye hapiti na karatasi, ana njia zake na watu wake. Wengi hufanya hivyo, na siku nyingi hufanikiwa. Naomba tu ukumbuke kwamba siku isiyofanikiwa, mali inayokamatwa ni yako, na huna risiti, huna hati ya forodha, huna wa kumlalamikia. Pesa inayotolewa pembeni haina kiwango, leo ni ndogo na kesho ni kubwa, kwa hiyo huwezi hata kuipigia hesabu mapema. Na ile TVA isiyolipwa ni pesa ya nchi hii hii ambayo chuo cha binti yako kinaisubiri.

Sasa tuiangalie mashine yenyewe, maana hapa ndipo watu wengi wa kwetu hujuta. Kompyuta inayouzwa Zambia hutengenezwa kwa wasomaji wa Kiingereza. Kibodi yake ni QWERTY, na binti yako amezoea AZERTY, yenye herufi za Kifaransa kama é na ç mahali pake. Hilo lina dawa rahisi: mpangilio wa herufi hubadilishwa ndani ya mashine, na vibandiko vya herufi hupatikana kwa bei ndogo. Gumu zaidi ni lugha ya Windows. Kompyuta nyingi za bei nafuu huja na toleo liitwalo Windows Home Single Language, yaani Windows iliyofungwa kwenye lugha moja. Ikiwa ni Kiingereza, menyu zote zitabaki Kiingereza mpaka ununue leseni ya toleo la juu. Mwambie jirani afungue mipangilio, aende penye maelezo ya mfumo, akupigie picha ya ukurasa ule. Kama maneno Single Language yapo, hiyo ni gharama nyingine ya kuongeza juu ya 390, isipokuwa binti mwenyewe yuko tayari kusomea kwa Kiingereza.

Halafu kuna dhamana. Dell, HP na Lenovo wote wana ukurasa kwenye intaneti ambapo unaandika namba ya mashine, ile iliyobandikwa chini yake, na kuonyeshwa kama dhamana ingali hai na inaisha lini. Lakini dhamana iliyo hai si lazima ihudumiwe nchini kwako. Dhamana ya duka la Kitwe huhudumiwa Kitwe. Skrini ikizimika mwezi wa tatu, utagharimia safari nyingine ya kwenda, na pengine nyingine ya kuifuata.

Ushauri wangu, Mama, ni huu. Ile picha ya Kitwe haikupigwa bure: ipeleke kwa muuzaji wa mjini. Usimwambie akushushie hadi 390, kwa sababu anajua hesabu hii kuliko sisi. Mwambie akushushie hadi 450, au abaki kwenye 480 na akuongezee mfuko, kibodi ya AZERTY na dhamana ya miezi 6 iliyoandikwa kwenye ankara yenye mhuri na namba ya mashine. Mwenye duka anayekataa kuandika namba ya mashine kwenye ankara, muache na uende kwa jirani yake.

Na kwa siku za mbele, kuna njia ya haraka. Kwa viwango vile vya mfano wetu, zidisha bei ya ng'ambo kwa 1.276, kisha ongeza nauli. Ikiwa jumla bado iko chini sana ya bei ya hapa, safari ina maana. Ikiwa inakaribiana nayo, nunua hapa.

Bwana Mhariri, tunaambiwa Kongo na Zambia wote ni wanachama wa jumuiya za biashara za COMESA na SADC, na sasa tumeingia pia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwa nini basi nitozwe ushuru kwa simu niliyoinunua Ndola? Je, forodha hawaonei watu? — Msomaji wa Ruashi

Ndugu, swali lako ni la haki, na nadhani hakuna jambo linaloleta ugomvi mwingi pale mpakani kama hili. Mikataba hiyo inasamehe ushuru kwa mali iliyotoka katika nchi wanachama, na neno kutoka hapa lina maana ya kuzalishwa au kutengenezwa. Mahindi ya mkulima wa Zambia yametoka Zambia. Simu uliyoinunua Ndola ilitengenezwa China, au Vietnam, au India. Zambia ilikuwa njia yake tu. Ndiyo maana mwenye mali anayeomba msamaha huo hudaiwa cheti cha asili, na duka la simu haliwezi kukupa cheti hicho kwa simu ya China. Hata ule utaratibu mwepesi wa COMESA kwa wafanyabiashara wadogo wa mpakani umewekwa kwa ajili ya mali zenye asili ya nchi wanachama.

Kuhusu Jumuiya ya Afrika Mashariki, Kongo ilitia saini mwezi wa 4 mwaka 2022 na kuwa mwanachama kamili mwezi wa 7 mwaka huo huo. Zambia, hata hivyo, si mwanachama wa Jumuiya hiyo, kwa hiyo haiingii katika swali la Ndola hata kidogo. Na TVA, popote ulipoinunulia mali yako, ni kodi ya ndani ambayo mkataba wa biashara huru hauifuti.

Una haki, hata hivyo, ya mambo mawili. Una haki ya kuonyeshwa thamani iliyotumiwa kukutoza. Kama ofisa amekadiria dola 300 na risiti yako ya Ndola inasema 180, mwonyeshe risiti na usione haya. Na una haki ya hati ya malipo iliyotolewa kwa jina lako. Pesa ambayo haitolewi hati si ushuru.

Binamu yangu anafanya kazi Dubai na atakuja likizo mwezi wa 12. Anasema simu mpya ya iPhone iko chini sana kule, na kwamba pale uwanja wa ndege atarudishiwa kodi. Nimpe pesa? — Kijana wa Kampemba

Kijana wangu, Dubai ni mahali pazuri pa kununua, na sababu zake zinafahamika. VAT ya kule ni asilimia 5 tu, na ilianza tarehe 1 mwezi wa 1 mwaka 2018. Kabla ya hapo hapakuwa na VAT kabisa. Dirhamu yao imefungwa kwenye dola tangu mwaka 1997 kwa kiwango cha 3.6725 kwa dola moja, kwa hiyo bei unayotumiwa leo haitayumba kwa sababu ya soko la fedha mpaka binamu apande ndege. Kifaa kinafika pale karibu na bei ya kiwandani, kikiwa kimebeba tozo chache. Hiyo ni tofauti kubwa na kununua Kitwe au Lusaka.

Lakini lile la kurudishiwa kodi, mwambie binamu asilihesabu. Utaratibu ule ni wa watalii, yaani watu wasioishi katika Falme za Kiarabu. Yeye anaishi na kufanya kazi kule, hivyo hastahili. Kama atakuwapo rafiki aliyeenda kutembea, huyo anaweza: anunue katika duka lililosajiliwa katika mpango huo, ankara iwe ya dirhamu 250 au zaidi, aonyeshe pasipoti wakati wa kulipa, kisha aikamilishe hati uwanjani kabla ya kukabidhi mizigo, simu ikiwa mkononi. Harudishiwi kodi yote, bali asilimia 85 ya kodi, na kutoka hapo wanakata dirhamu 4.80 kwa kila hati. Kwa simu ya dirhamu 3,000, kodi iliyomo ni kama dirhamu 143, na kinachorudi ni kama 117, yaani dola 32 hivi. Si haba, ila si pesa ya kukufanya ubadilishe uamuzi.

Jambo ambalo lingenikosesha usingizi mimi kuliko kodi ni tundu la kadi ya SIM. Simu za iPhone zinazouzwa Marekani hazina tundu hilo tangu iPhone 14 ya mwaka 2022. Kuanzia iPhone 17, ya mwaka 2025, hata zile zinazouzwa Falme za Kiarabu, Saudia, Qatar na nchi nyingine za Ghuba zimekuwa hivyo hivyo: zinatumia eSIM peke yake, laini inayoingizwa ndani ya simu bila kadi. Watu wetu wanaopokea simu hizi wakiwa na kadi mkononi wanaigeuza simu pande zote, juu, chini, ubavuni, wakitafuta pa kuiingiza, na hapapo. Kwa hiyo kabla hujatuma hata franka moja, nenda kwenye duka la mtandao unaoutumia, uulize kama wanatoa eSIM hapa Lubumbashi, na kama namba yako ya sasa, ile yenye pesa zako, inaweza kuhamishiwa humo. Wakisita, chagua simu ya toleo la nyuma yenye tundu. Nyingi za zile zinazouzwa China bara zina tundu la kadi mbili, ila hazipokei eSIM.

Ukibadili mawazo na kutaka Samsung, kuna kikwazo kingine. Nyingi hubandikwa karatasi ndogo kwenye boksi inayosema kwamba simu lazima ianzishwe kwa kadi ya eneo ilikouzwa. Hapo dawa ni rahisi kwa kuwa binamu yuko kule: aifungue, aweke kadi ya Dubai, apige simu zitakazofikisha dakika 5 kwa jumla au zaidi kidogo, kisha aifute na kukuletea. Akikuletea ikiwa imefungwa kwa heshima ya boksi jipya, wewe ndiye utakayebaki na simu inayokataa kadi za Kongo.

Mwisho, kumbuka kwamba simu mpya ndani ya boksi lake si simu ya matumizi ya msafiri. Akifika uwanja wetu wa ndege wa Luano na boksi hilo, anaweza kudaiwa ushuru na TVA kama mwagizaji mwingine yeyote. Weka pesa hiyo pembeni tangu mwanzo, na binamu abebe risiti ya dukani.

Mzee Mhariri, nimepata televisheni ya inchi 55 pale Kariakoo, Dar es Salaam, kwa bei nzuri sana. Wakala anasema ataisafirisha mpaka Lubumbashi. Unaonaje? — Papa wa mtaa wa Kenya, Lubumbashi

Papa, ninaona mipaka miwili. Televisheni hiyo itatoka Tanzania kupitia Tunduma na kuingia Nakonde, itakatiza Zambia yote, kisha iingie Kasumbalesa. Zambia haitakutoza kama mzigo umeandikwa kuwa unapita tu, lakini karatasi za kupitisha mzigo zinagharimu, na kwa kifaa kimoja gharama hiyo ni nzito. Ndiyo sababu mawakala hukusanya mizigo ya watu wengi pamoja, na ndiyo sababu mzigo wako utamsubiri mwenzake.

Mwulize wakala anatoza kwa nini: kwa kilo au kwa ujazo. Televisheni ni kifaa chepesi chenye boksi kubwa, na wasafirishaji wanalijua hilo. Kwa ndege, hupima urefu, upana na kimo kwa sentimita, wakavizidisha, wakagawanya kwa 6,000, na kuchukua uzito unaotokea kama unauzidi wa mizani. Boksi la sentimita 137 kwa 85 kwa 17 linatoa kilo 33, hata kama mizani inasema 20. Kwa lori watakuhesabia takriban moja ya tano ya mita ya ujazo. Pima boksi lenyewe kabla ya kukubali, kwa sababu inchi 55 ni kipimo cha skrini toka pembe hadi pembe, na boksi huzidi hapo.

Pesa yako pia uiangalie. Tangu mwezi wa 3 mwaka 2025, Tanzania ina kanuni inayokataza kulipia bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni. Muuzaji wa Kariakoo anatakiwa akutajie bei kwa shilingi na apokee shilingi, kwa hiyo dola zako zitapita kwanza kwenye duka la fedha, na kiwango cha kubadilishia ni sehemu ya bei. VAT ya Tanzania bara, asilimia 18, imo tayari katika bei ile.

Kwa upande wa matangazo usiwe na hofu. Tanzania, Zambia na Kongo zote zinatumia mfumo mmoja wa televisheni ya kidijitali, DVB-T2. Hofu ingekuwapo kama kifaa kingetoka Marekani au Japani, ambako mifumo ni tofauti na antena isingekamata kitu, ingawa hata hapo king'amuzi cha setilaiti kilichounganishwa kwa waya wa HDMI kingeonyesha picha.

Kinachonitia wasiwasi ni kioo. Televisheni ya siku hizi husafirishwa ikiwa imesimama, kamwe haifai kulazwa, kwa sababu ikilazwa skrini hubeba uzito wa kila kinachowekwa juu na kila mtikisiko wa barabara. Nani ataisimamisha safari nzima, kutoka lori hadi lori? Na ikifika na mstari mweusi katikati, wakala atasema muuzaji, muuzaji atasema wakala. Kubadilisha skrini ya inchi 55 hugharimu karibu sawa na televisheni nyingine. Kama wakala yuko tayari kuandika kwamba atalipa thamani kamili ikivunjika, mkubalie. Asipokubali kuandika, nunua mjini au hapo sokoni kwenu Kenya, waiwashe mbele ya macho yako, na uibebe kwa mikono yako.

Dada yangu aliye Texas ameniletea mashine mbili za kukaushia nywele kwa ajili ya saluni. Moja imetoa moshi siku ya kwanza. Je, ya pili niifanyeje? — Mwenye saluni, Kamalondo

Usiichomeke, Mama. Umeme wa Marekani ni volti 120 na hapa ni 220, kwa hiyo ile ya kwanza ilipokea karibu maradufu ya volti ilizotengenezewa. Soma maandishi madogo yaliyo kwenye mpini au kwenye waya: yakisema 120V peke yake, inahitaji transfoma, na kwa mashine ya wati 1,800 transfoma hiyo ni chuma kizito na cha bei kuliko mashine yenyewe. Yakisema 100–240V, kama zinavyosema chaja nyingi za simu na kompyuta, haina shida popote duniani; unachohitaji ni adapta ya vidole tu. Dada akitaka kukusaidia tena, akutumie pesa na ununue hapa, kwa kuwa vifaa vya joto na vya mota ndivyo visivyovumilia safari ya aina hii. Na kwa jinsi umeme wetu unavyopanda na kushuka, ile utakayonunua uiwekee kifaa cha kudhibiti volti kati yake na ukuta.

Pale Kasumbalesa vijana wanauza simu kwa nusu ya bei, boksi zimefungwa vizuri. Nitajuaje iliyo halisi kabla sijatoa pesa? — Msomaji wa njia ya Kipushi

Boksi lililofungwa vizuri halithibitishi chochote, Ndugu, kwa sababu mashine ya kufungia plastiki iko kila mahali. Asiyekuruhusu kufungua anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Akikuruhusu, fanya haya papo hapo kwenye meza yake, bila haraka, na usitoe pesa mfukoni mpaka umalize. Bonyeza *#06#. Itatokea namba ya tarakimu 15, IMEI, inayoitambulisha simu hiyo. Ilinganishe tarakimu kwa tarakimu na ile ya kwenye boksi, kisha na ile iliyo ndani ya mipangilio ya simu. Zikitofautiana hata tarakimu moja, irudishe. Kama inaitwa Samsung, bonyeza *#0*#, na simu halisi kwa kawaida itafungua ukurasa wa majaribio wenye rangi na vitufe; nyingi za bandia hazifanyi kitu. Kama ni iPhone, ingia kwenye duka la programu: ikifungua duka la Google, umekwisha kupata jibu.

Nafasi ya kumbukumbu ndiyo hudanganya watu wengi. Simu inaandika 256 GB kwenye skrini, lakini ndani mna 16, na programu imetengenezwa iseme uongo. Huwezi kuligundua hilo kwa kutazama, ila kwa kujaza: beba kadi ndogo yenye filamu nyingi, zinakili ndani ya simu, kisha ufungue ya mwisho na ile ya kwanza. Zikikataa kucheza, nafasi haipo. Inachukua muda, na muuzaji atanung'unika, mwache anung'unike.

Kwa simu iliyotumika, kuna swali moja zaidi: je, ingali imefungwa kwa akaunti ya mwenye zamani? Mwambie muuzaji aifute yote mbele yako na aianzishe upya. Ikidai barua pepe na neno la siri la mtu usiyemjua, simu hiyo huenda iliibwa, na fundi anayekuahidi kuifungua anakuongezea hasara. Upande wa Zambia, kama ulinunua dukani, usitishwe na bango lisemalo mali iliyouzwa hairudishwi. Sheria yao ya ushindani na ulinzi wa walaji ya mwaka 2010 inakataza mabango ya namna hiyo, na ofisi yao ya CCPC hupokea malalamiko. Kwa kijana wa barabarani asiye na duka wala risiti, sheria hiyo haitakusaidia.

Ninarudi kutoka Guangzhou na pawabanki kadhaa za kuuza. Naweza kuziweka katika mizigo? — Mfanyabiashara kijana

Katika begi kubwa linalokwenda chini ya ndege, hapana, hata moja. Betri za lithiamu za akiba hubebwa mkononi tu, na kipimo ni wati-saa: hadi 100 huruhusiwa bila kuomba, kati ya 100 na 160 unahitaji kibali cha shirika la ndege na hazizidi mbili, zaidi ya hapo haziruhusiwi. Kupata wati-saa (Wh), zidisha mAh, yaani namba ya uwezo iliyoandikwa kwenye pawabanki, kwa 3.7 na ugawanye kwa 1,000. Pawabanki ya mAh 20,000 ni wati-saa 74. Lakini kuna mashirika yaliyokaza zaidi: Emirates, tangu tarehe 1 mwezi wa 10 mwaka 2025, inaruhusu moja tu kwa abiria, na haitumiwi ndani ya ndege. Kwa hiyo mzigo wa kuuza haufai kupita kwa abiria. Mpe wakala anayesafirisha betri kwa meli na kuziandika wazi kuwa ni betri. Na zile zisizo na maandishi yoyote ya mAh au Wh usizinunue, kwa sababu mkaguzi asiyeweza kusoma kipimo ana haki ya kuzichukua zote.